Ninunue friza sasa au ningoje ofa za Novemba?

BARUA

Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa. Nauza barafu za ukwaju na za mabungo mlangoni kwangu, karibu na shule ya msingi, na jioni huja watoto wa madrasa. Kwa sasa nagandisha kwenye friji ndogo ya nyumbani, hiyo hiyo yenye maziwa na mboga zetu. Barafu zinazoingia mle ni thelathini hivi, na saa nne wanafunzi wakitoka mapumziko zinakwisha papo hapo. Wengine wanabaki wamesimama na shilingi kumi zao mkononi, nawaambia rudini kesho. Nikikadiria, nawarudisha hata arobaini kwa siku. Barafu moja nauza shilingi 10, na nikitoa sukari, ukwaju, vifungashio na stima, nabaki na shilingi 4.

Mwezi wa Agosti zamu yangu ya chama ilifika nikapokea shilingi 35,000. Tangu mwanzo nia yangu ni friza, na mume wangu anajua. Ninayoitaka ni ile ya kufunguliwa juu, ya lita 200. Mwezi wa Juni niliiona kwenye duka moja kubwa la mtandaoni kwa shilingi 32,500. Wiki iliyopita nilipoitazama tena ilikuwa 36,999, na pembeni pameandikwa 49,999 iliyokatwa mstari, kama kwamba tayari nimepunguziwa. Mwembe Tayari kuna duka wanaiuza hiyo hiyo kwa 34,500 na wanaileta mpaka kwangu, kuvuka feri ni juu yao.

Mdogo wangu aliye Nairobi amenikataza katakata. Anasema, "Dada, ukinunua Septemba umetupa pesa. Ngoja Novemba, Black Friday, vitu ni nusu bei." Mwaka jana alinunua televisheni kwa ofa hiyo, sote tumeiona, na mpaka leo inafanya kazi vizuri. Mume wangu anasema kinyume chake: ofa hizo zote ni uongo, bei hupandishwa Oktoba ili Novemba ionekane imeshuka. Wamebishana kwenye simu mpaka sasa hawasemezani vizuri, na mimi niko katikati.

Hofu yangu kubwa ni kwamba pesa hizi zikikaa zitaliwa. Shemeji ameshaziulizia, na Oktoba kuna harusi ya mtoto wa mama mdogo. Sijui Novemba itanikuta na ngapi. Halafu nahitaji na blenda, maana yangu imeungua.

Nisubiri au ninunue? Na hizo ofa kubwa za mtandaoni, ni za kweli?

Mama Barafu, Likoni

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Friza nunua sasa. Blenda ingojee Novemba. Na sasa nikueleze nimefikaje hapo, kwa sababu swali lako la mwisho ni kubwa kuliko friza, na kila mwaka ukifika Oktoba watu wengi hujiuliza hilo hilo.

Tuanze na ile 49,999 iliyokatwa mstari. Wewe umeifuatilia friza hii tangu Juni. Umeiona kwa 32,500, umeiona kwa 36,999, na Mwembe Tayari umeikuta kwa 34,500. Kwa 49,999 hujawahi kuiona popote. Maduka makubwa ya mtandaoni mara nyingi yanafanya kazi kama soko: bidhaa nyingi ni za wauzaji mbalimbali waliojiandikisha humo, na muuzaji ndiye anayejaza bei mbili, ile atakayokutoza na ile ya kukatwa mstari. Hiyo ya pili anaweza kuitoa kwenye orodha ya kiwandani, au kwenye duka lenye bei kali kuliko yote mjini, au kichwani mwake tu.

Sasa chukua kalamu. Ondoa asilimia 35 kwenye 49,999. Unabaki na 32,499. Maana yake ni kwamba Novemba muuzaji anaweza kuweka tangazo jekundu la "punguzo asilimia 35", saa ikihesabu dakika zilizobaki, na wewe ukalipa bei ya Juni kasoro shilingi moja. Bei utakayolipa ni ya kweli kabisa. Udanganyifu umekaa kwenye bei uliyowekewa ya kulinganishia. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hununua wakaridhika, wakasimulia jirani, na wasijue kwamba hawakupunguziwa kitu.

Mumeo basi ameuona ugonjwa, ila amekosea kidogo mahali ulipo. Si lazima bei ipandishwe Oktoba. Mara nyingi haihitaji kupanda hata kidogo: inatosha kuandika namba kubwa kando yake. Anayeivizia bei ya Oktoba peke yake anaweza kuikuta imetulia, akaamini kwamba ofa ni safi.

Nisingependa ulichukue neno langu tu, kwa hiyo nikupe mifano ya nchi ambazo jambo hili limepimwa. Uingereza kuna shirika la kutetea walaji liitwalo Which?. Liliwahi kuchukua bidhaa zaidi ya 200 zilizokuwa kwenye Black Friday ya 2021 katika maduka makubwa ya huko, likafuatilia bei zake kabla na baada. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa hizo ziliwahi kuuzwa kwa bei ile ile, au chini yake, ndani ya miezi sita kabla ya siku yenyewe. Tazama vizuri hapo: bei ya Black Friday haikuwa lazima iwe mbaya. Tatizo ni kwamba haikuwa ya siku hiyo pekee. Aliyenunua Julai au Septemba angeweza kuipata bila kukesha na simu.

Ufaransa mambo yalikuwa mazito zaidi. Julai 2025, kampuni ya nguo ya Shein, ambayo hata huku kwetu mabinti huagiza kwayo, ilitozwa faini ya euro milioni 40 kwa punguzo za kupotosha. Wakaguzi wa serikali walipopitia ofa zilizokuwa kwenye tovuti yake ya Ufaransa kati ya Oktoba 2022 na Agosti 2023, walikuta asilimia 57 hazikuwa na punguzo lolote, asilimia 19 zilikuwa na punguzo dogo kuliko lililotangazwa, na asilimia 11 zilikuwa zimepanda bei. Zimepanda, dada, na juu yake pameandikwa punguzo.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua kuliwekea jambo hili kipimo. Tangu Mei 2022 muuzaji anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza katika siku 30 zilizotangulia. Hata hivyo wapo waliotafuta upenyo. Nchini Ujerumani, duka la Aldi Süd lilitangaza ndizi kwa euro 1.29, punguzo la asilimia 23 kutoka 1.69, na kwa maandishi madogo likaeleza kwamba bei ya chini ya siku 30 ilikuwa 1.29. Yaani bei ile ile! Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Septemba 2024 mahakama ikasema asilimia ya punguzo lazima ihesabiwe kutoka kwenye hiyo bei ya chini ya siku 30, si bei nyingine iliyoteuliwa na muuzaji. Kesi nzima ilikuwa ya matunda, lakini mimi naiona ni hukumu ya maana kwa kila mnunuzi, kwa sababu inajibu swali unalopaswa kuliuliza wewe kila unapoona mstari umekata namba: punguzo kutoka wapi?

Kenya sheria haijaweka hesabu ya siku namna hiyo. Haina maana kwamba huna kinga. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamkataza muuzaji kudai kwamba mnunuzi anapata nafuu ya bei wakati nafuu hiyo haipo, na Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya uongo kuhusu bei. Malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini mlalamishi anahitaji ushahidi, na ushahidi wa bei ni picha ya skrini yenye tarehe. Asiyekuwa nayo anabaki na neno lake tu.

Hapo ndipo ninapomgeukia mdogo wako, kwa sababu naye hakusema uongo. Ofa za kweli zipo, na televisheni ni mojawapo ya vitu ninavyoviamini zaidi katika ofa hizi. Viwanda vya televisheni na simu hutoa modeli mpya karibu kila mwaka. Ikikaribia modeli mpya kuingia, ile ya zamani inamlalia mwenye mali, na kila mwezi inavyokaa ghalani thamani yake inashuka. Huyo anataka kuiondoa kwa dhati. Mara nyingi kiwanda chenyewe huchangia gharama ya punguzo. Ndivyo ilivyo pia kwa vipokea sauti, chaja, saa za mkononi, na bidhaa zinazobeba jina la duka lenyewe, ambapo faida ilikuwa pana tangu mwanzo na nafasi ya kupunguza ipo.

Friza haina haraka hiyo. Friza ya lita 200 ya mwaka huu na ya mwaka juzi ni sanduku lile lile, kompresa ile ile. Haizeeki dukani. Muuzaji akikosa mteja Novemba atamuuzia mtu wa Januari, joto la kaskazi likikaza, au mtu wa kabla ya Ramadhani. Hana kinachomsukuma akupe nusu bei. Na mzigo wenyewe ni mkubwa, kuusafirisha ni ghali, kwa hiyo hata akipunguza, sehemu ya punguzo inarudi kwenye ada ya kuletewa. Ile bei ya mtandaoni uliyoiona yaelekea haijahesabu kuja Likoni. Bonyeza mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa uone inakuwa ngapi.

Ziko pia zile ofa za kustaajabisha, friji au simu kwa bei ya kutupa, saa fulani ya usiku. Hizo huwa ni vipande vichache vya kuwaita watu waingie. Anayeikosa, na karibu kila mtu huikosa, tayari yumo ndani na pesa yake, anaanza kutazama vingine. Usizihesabu kabisa kwenye mipango yako.

Sasa hesabu yako wewe, ambayo hakuna kati ya hao wawili aliyekufanyia walipokuwa wanabishana.

Unawarudisha watoto arobaini kwa siku. Kila barafu inakuachia shilingi 4. Hiyo ni 160 kwa siku, na kwa siku tano za shule ni 800 kwa wiki. Friza itaongeza stima. Kwa joto la Mombasa tuikadirie shilingi 30 kwa siku, nayo haizimwi Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo 210 kwa wiki. Umebaki na 590. Muhula wa tatu ndio huu umeanza, na ni mfupi, mwisho wa Oktoba shule zinafungwa. Tuseme zimebaki wiki nane. 590 mara nane ni 4,720.

Black Friday yenyewe ni Ijumaa inayofuata Alhamisi ya nne ya Novemba. Ni sikukuu ya Wamarekani iliyoleta tarehe hiyo. Huku maduka kama Jumia huitandaza ofa Novemba yote, lakini hata ukinunua tarehe mosi, wateja wako wa mapumziko wameshakwenda likizo. Utakuwa na friza tupu mpaka Januari, isipokuwa wale wa madrasa.

Basi tuweke mambo sawa. Mwembe Tayari ni 34,500 mpaka mlangoni. Ukingoja, unapoteza 4,720 za muhula huu, na utalipa usafiri, tuukadirie 1,200. Ili kungoja kukulipe, friza hiyo Novemba lazima iuzwe chini ya 28,580. Bei ya chini kabisa uliyowahi kuiona ni 32,500. Inatakiwa ishuke karibu 4,000 zaidi chini ya hapo, tena ipatikane, tena wewe uwe bado una pesa. Mimi siwezi kukushauri uegemee jambo hilo, hasa kwa kuwa umeniambia mwenyewe shemeji ameshaulizia na harusi iko njiani. Pesa ya chama iliyokaa bila kazi ndani ya nyumba yenye ndugu wengi haihifadhiki, na kumkatalia mtu ukiwa nayo mkononi ni kazi ngumu kuliko kumwambia "nimeshanunua friza". Ukinunua wiki hii, hata hilo umelimaliza bila ugomvi.

Kama watoto unaowarudisha ni ishirini badala ya arobaini, hesabu inabadilika: kwa wiki ni 400, toa 210 za stima, unabaki na 190, na kwa muhula mzima 1,520. Hapo kungoja si wazimu. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, kaa siku mbili tatu uwahesabu kweli wale watoto. Usikisie. Andika.

Ukienda Mwembe Tayari, nenda na ile bei ya Juni kwenye simu kama ulihifadhi picha, na kama hukuhifadhi, hata hii ya sasa itakufaa katika maongezi. Mwambie mwenye duka unalipa taslimu leo. Duka la mkono kwa mkono lina kitu ambacho mtandao hauna: unaweza kupatana. Hata akikataa kushuka bei, omba akuongezee kilinda umeme, maana stima ya kupanda na kushuka ndiyo inayoua kompresa.

Mwambie aiwashe mbele yako, usikilize kompresa, upapase kuta za ndani baada ya dakika kadhaa uone kama ubaridi unaanza. Angalia mpira wa kifuniko umekaa sawasawa pande zote. Soma lita zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine yenyewe, sio zilizoandikwa kwenye boksi au kwenye tangazo. Tafuta lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati: nyota zikiwa nyingi, tokeni za stima zinakwenda taratibu, na kwa mashine inayowaka usiku na mchana tofauti hiyo utaiona kila mwezi. Friza rahisi yenye nyota moja inaweza kula katika miaka miwili zaidi ya ulichookoa siku ya kununua. Wazee wetu walisema rahisi huvunja upishi, na kwenye vyombo vya stima naliamini neno hilo sana. Dai risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, na kadi ya dhamana iliyopigwa muhuri, yenye namba ya mashine. Ikishafika nyumbani, isimame wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha, hasa kama ililazwa kwenye mkokoteni.

Tuje kwenye blenda. Hii ndiyo nataka uitumie kujifunza soko la Novemba, kwa sababu pesa yake ni ndogo na ukikosa hupotezi muhula. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Chagua blenda mbili au tatu zinazokufaa kwa juisi na ukwaju, uandike jina la kampuni na namba ya modeli yote, herufi kwa herufi. Namba hiyo usiipuuze. Viwanda huweza kutoa modeli inayofanana na nyingine kwa sura lakini ina mota dogo au jagi la plastiki badala ya la kioo, ikauzwa wakati wa ofa kana kwamba ni ile ile. Herufi moja ikitofautiana, hicho ni kitu kingine na bei yake hailinganishwi.

Kisha kila wiki, siku moja uliyoizoea, tazama bei uiandike: tarehe, jina la muuzaji, bei, na ada ya kuletewa au ya kuichukua kituoni. Piga na picha ya skrini. Usiandike bei iliyokatwa mstari kabisa, isikusumbue macho. Ukipita dukani mjini, uliza na huko uandike. Ikifika Novemba utakuwa na orodha ambayo hakuna tangazo linaloweza kubishana nayo. Ofa ikiwa chini ya bei yako ndogo kabisa, jumla na usafiri, nunua kwa amani. Ikiwa sawa nayo, huna sababu ya kukimbia. Ikiwa juu yake, funga simu ulale, hata kama pameandikwa "zimebaki 3".

Hiyo "zimebaki 3" na saa ya kurudi nyuma vimewekwa kwa kazi moja, kukunyima muda wa kulitazama daftari. Ukiona kifua kinakudunda, weka simu chini kwanza. Vivyo hivyo vocha: utaambiwa una shilingi 500 za bure ukinunua vitu vya 5,000. Mtu aliyekuja na nia ya blenda ya 3,500 anatafuta cha kujazia, anaondoka na vyombo ambavyo asubuhi hakuvihitaji. Na usikope kwa simu ili uwahi ofa. Ada ya mkopo inaanza kula lile punguzo siku hiyo hiyo.

Tazama pia nani anauza. Soma maoni ya walionunua, hasa yenye picha walizopiga wenyewe, na uanze na yale ya nyota chache. Soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, kwa sababu siku za kurudisha ni chache na zinaanza kuhesabiwa unapopokea. Ukipata nafasi ya kulipa mzigo ukifika, ichukue. Na viungo vinavyosambazwa WhatsApp msimu huo, vya kushinda zawadi ya duka fulani, usivifungue. Ingia dukani kupitia programu yao au anwani unayoijua, na nambari yako ya siri ya M-Pesa usimpe mtu wala usiiandike kwenye ukurasa wowote.

Imebaki habari ya wanaume wako wawili. Mdogo wako ana mapenzi na wewe. Amefaidi kitu, anataka dada yake afaidi. Usimwambie amedanganywa. Mwambie televisheni yake huenda ilikuwa ofa nzuri kweli, lakini friza yako inaleta pesa kila siku inayowaka, na televisheni hailipi mtu. Muombe akusaidie kwenye blenda, kwa sababu yeye anazijua hizo programu na wauzaji wake. Mumeo naye muonyeshe hesabu ya wiki nane. Yeye hakuwa na ugomvi na friza, ugomvi wake ni kuona mkewe akivutwa na matangazo, na hesabu hiyo haina tangazo ndani yake.

Barafu zikianza kutosha mpaka jioni, kwenye daftari lile lile ongeza safu moja: ngapi umeuza kila siku. Januari shule zikifunguliwa na Ramadhani inakaribia, utataka kujua kama lita 200 zinakutosha.

Mshauri